Msing'oe waya wa betri ili kupima chaji ya gari la zamani

Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu ushauri uliotolewa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa magari. Msomaji mwenye gari la zamani lisilochaji betri aliambiwa awashe injini, alegeze kichwa cha waya wa betri na kukitoa, kisha asikilize: injini ikiendelea kuunguruma, alteneta (chombo kinachozalisha umeme wa gari) ni nzima, ikizimika, alteneta imekufa na inunuliwe nyingine. Ushauri huo nimeusikia tangu nilipoanza kushika spana, na wapo mafundi ninaowaheshimu ambao bado wanautumia. Hata hivyo una kasoro mbili, ya kwanza ni hatari yake na ya pili ni kwamba hauthibitishi kile unachodai kuthibitisha, na kwa kuwa sasa umechapishwa gazetini, ambako watu huuamini kuliko maneno ya gereji, naona si vyema upite bila kujibiwa.

Nianze na hatari. Kazi ya betri haiishii kwenye kuzungusha stata, yaani mota ya kuwashia injini; betri pia hutuliza umeme unaotoka kwenye alteneta, mfano wa tangi linalopokea maji ya pampu isiyotulia. Ukiiondoa ghafla wakati alteneta inasukuma ampea nyingi, umeme ule unakosa pa kwenda, na kwa sababu sumaku ya rota, sehemu yake inayozunguka, haififii papo hapo, volti hupanda kwa kitambo kifupi mno hadi kufikia makumi kadhaa. Kitambo hicho kinatosha kuua daiodi zinazogeuza umeme ndani ya alteneta, pamoja na regyuleta yake, yaani kidhibiti cha volti, na kama gari limefungwa redio ya kisasa au mfumo wa kielektroniki wa kuwashia plagi, navyo vinaweza kwenda. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekuja na alteneta nzima na waya wenye kutu anaondoka na alteneta mbovu na waya uleule wenye kutu.

Tuseme basi bahati imemwangukia na hakuna kilichoungua. Je, amejifunza nini? Injini ya petroli ya zamani huhitaji ampea tatu au nne hivi kwa ajili ya koili inayowasha plagi ili iendelee kuwaka. Alteneta iliyobakiwa na uwezo wa ampea sita tu, pengine kwa sababu daiodi mojawapo imekufa au kaboni zake, vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme, zimekwisha, itafaulu mtihani huo bila wasiwasi. Ikifika usiku, taa kubwa mbili za wati 45 kila moja zitataka ampea saba na nusu katika gari la volti 12, bado taa za nyuma, waipa na koili yenyewe, na tofauti yote itachotwa kutoka kwenye betri hadi iishe. Kwa upande mwingine, gari lenye dainamo, chombo cha kale cha kuzalisha umeme, linaweza kuzimika waya unapong'olewa ilhali dainamo yake haina ubovu wowote, kwa kuwa dainamo, injini ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, karibu haizalishi chochote. Kipimo hiki, kwa maneno mengine, humwachia huru mwenye hatia na kumfunga asiye nayo.

Hapo ndipo penye jambo ambalo ukurasa wenu haukuligusa kabisa: kabla ya kuuliza kama chaji ipo, ni lazima ujue gari lako linazalisha umeme kwa chombo gani. Dainamo na alteneta si kitu kimoja. Dainamo huzalisha umeme katika sehemu inayozunguka na kuutoa kupitia komuteta (pete ya shaba iliyogawanywa vipande) na kaboni. Alteneta huzungusha sumaku na kuzalisha umeme katika koili zilizotulia, kisha daiodi huugeuza kutoka mkondo geu, unaobadili mwelekeo kila mara, kuwa mkondo mnyoofu wa upande mmoja. Chrysler waliianzisha alteneta katika gari la Valiant la mwaka 1960, lakini watengenezaji wengi wa Ulaya waliendelea na dainamo kwa miaka mingi baada ya hapo, na Volkswagen ya kobe ilibaki nayo hadi miaka ya 1970. Mwenye gari la miaka ya 1950 au 1960 anayeona taa nyekundu ya chaji ikipepesa akiwa amesimama kwenye foleni hana sababu ya kuogopa, mradi taa hiyo inazimika anapokanyaga mafuta kidogo. Ndivyo chombo hicho kilivyoundwa. Nimeona dainamo nzima zikitolewa na kusukwa upya kwa kosa hilo tu, la kupepesa.

Sasa, apime nini na kwa namna gani? Kifaa kinachohitajika ni mita ya kawaida ya umeme, na kipimo cha kwanza hufanywa injini ikiwa imezimwa. Gari lililopumzika kwa saa kadhaa, likiwa na betri nzima iliyojaa, litasoma volti 12.6 hivi katika vichwa vya betri, 12.4 inaonyesha takriban robo tatu, 12.2 nusu, na ikifika 12.0 betri imebakiwa na robo au chini ya hapo. Betri iliyoachwa katika hali ya nusu kwa majuma mengi huanza kuota salfeti ngumu juu ya mabamba yake ya risasi, na baada ya hapo hakuna alteneta itakayoirudishia uwezo wake wa awali. Jambo hili huwapata zaidi wenye magari ya zamani kuliko watu wengine, kwa sababu magari hayo hukaa chini ya turubai kwa mwezi mzima, yakatolewa Jumapili kwa safari ya dakika kumi, kisha yakarudishwa. Safari fupi ya namna hiyo, hasa taa zikiwa zimewashwa, haitoshi kurudisha kilichotumika, na mwenye gari hulalamikia mfumo wa chaji ambao haujapewa muda wa kuchaji.

Baada ya hapo injini iwashwe, ipigwe resi ya wastani, na vichwa vya betri vipimwe tena. Gari lenye afya litasoma kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Likibaki kwenye 12 na kitu, chaji haifiki. Likipita 15, regyuleta imeshindwa kazi na betri itachemka, itapungua maji na kutoa harufu ya yai viza. Kisha taa kubwa ziwashwe na kipimo kirudiwe, kwa kuwa ugonjwa mwingi hujificha mpaka umeme unapohitajika kwa wingi.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni kile kinachofuata, nacho ndicho mafundi wengi hukiruka. Injini ikiwa inazunguka na taa zikiwa zimewashwa, upande mmoja wa mita huwekwa kwenye nati ya kutolea umeme ya alteneta na upande wa pili kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri. Mita itakachosoma ni volti zinazopotea njiani, na zisizidi 0.2 au 0.3. Halafu hufanywa vivyo hivyo upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi ya gari: mita ishikishwe kati ya bodi ya alteneta na kichwa cha hasi cha betri. Wengi hudhani kwamba upotevu wa nusu volti ni jambo dogo. Fikiri hivi: kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 tu, ambao mita nyingi za kawaida haziwezi hata kuusoma sawasawa, kikipitisha ampea 20 kinakula volti moja nzima. Alteneta inatoa 14.2, betri inapokea 13.2, na betri inayopokea 13.2 haitajaa vizuri hata ukiendesha mchana kutwa. Hakuna kilichokatika na hakuna kilichoungua, ila kutu na ulegevu vimekaa katikati ya njia.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenipata. Nina gari la miaka ya 1970 lenye alteneta ambayo regyuleta yake imo ndani kwa ndani. Lilipotoka kupigwa rangi lilipendeza, lakini likaanza kuwasha kwa shida asubuhi, stata ikizunguka kwa kujivuta. Fundi mmoja alisema betri, nikanunua betri. Wa pili alisema alteneta, ikafunguliwa na kubadilishwa kaboni. Hali haikubadilika. Nilichokuwa nikikipuuza muda wote huo ni kwamba kila nilipojaribu kuwasha kwa muda mrefu, waya wa chuma wa kuvutia choki ulipata joto mkononi, na niliichukulia kama tabia ya uzee ya gari lile. Siku niliyotulia na mita, alteneta ilisoma 14.2 kwenye nati yake dhidi ya bodi yake yenyewe, na betri ikasoma 13.4. Nilipozitafuta zile volti 0.8 zilizopotea, 0.2 zilikuwa upande wa chanya na 0.6 upande wa ethi. Mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi ya gari ulikuwa umefungwa vizuri kabisa juu ya rangi mpya, na rangi haipitishi umeme. Sehemu ya umeme wa stata, ilipokosa njia pana, ilikuwa ikipenya kwenye waya wa choki. Nilikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya na kupaka grisi juu ya kiungo, na upotevu wa upande huo ukashuka chini ya 0.1. Betri ya zamani, ile niliyoitupa, nadhani haikuwa na kosa.

Ndiyo maana huwaambia wenye magari yaliyotoka kutengenezwa upya waanze kutafuta kwenye ethi, tena ethi zote: betri kwa bodi, bodi kwa injini, na ile ya kisanduku cha regyuleta ambacho mafundi hukiita katauti. Hii ya mwisho ina hila yake. Katauti ikiwa na ethi dhaifu, regyuleta iliyomo ndani yake husoma volti pungufu kuliko zilizopo, ikaamrisha chaji zaidi, na mwenye gari huanza kulaumu regyuleta kwa kuchemsha betri. Huko ndiko watu huingia na bisibisi kuchokonoa marekebisho ya kiwandani, na kutoka hapo kurudi katika hali ya awali ni kazi ngumu.

Taa nyekundu ya chaji nayo inastahili heshima kuliko inavyopewa, kwa kuwa kwa hakika ni mizani iliyotundikwa kati ya betri upande mmoja na chombo cha kuzalisha umeme upande wa pili. Volti za pande mbili zikilingana, taa haiwaki. Zikitofautiana, inawaka kwa kadiri ya tofauti hiyo. Kwa hiyo taa inayofifia kwa wekundu hafifu wakati gari linakimbia haisemi kwamba hakuna chaji, bali inasema kuna volti zinazopotea baina ya pande hizo mbili, au, kwenye alteneta, kwamba daiodi mojawapo haifanyi kazi. Na taa isiyowaka kabisa unapofungua ufunguo kabla ya kuwasha injini si habari njema hata kidogo. Katika alteneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha sumaku ya rota. Balbu ikiungua, alteneta nzima inaweza kukaa kimya kana kwamba imekufa. Balbu hiyo kwa kawaida ni ya wati mbili na kidogo, na ukiweka ndogo mno unaweza kulazimika kupiga resi kubwa ndipo chaji ianze. Wenye Volkswagen ya kobe wana sababu ya ziada ya kuitazama taa hii, kwa maana mhimili wa dainamo yao ndio pia unaobeba feni ya kupoza injini: taa ikiwaka ghafla barabarani, mkanda huenda umekatika, na kuendelea kwenda ni kuichoma injini.

Mkanda wenyewe sitauzungumzia sana. Usiwe unang'aa pembeni wala kupiga kelele, na ukiusukuma kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu ulegee kwa sentimita moja hadi moja na nusu. Ukikazwa kupita hapo, beringi za dainamo na za pampu ya maji ndizo zitakazolia.

Kwa dainamo zipo hatua zake, na hapa nazungumzia zile za kampuni ya Lucas zilizofungwa katika magari mengi ya Uingereza, zenye nguzo mbili zinazoitwa D na F. Nyaya zote mbili hutolewa kwenye dainamo, nguzo hizo mbili zikaunganishwa pamoja kwa kipande cha waya, na mita ikawekwa kati ya kipande hicho na bodi ya dainamo. Injini huwashwa na kuongezwa kasi taratibu, isipite mizunguko elfu moja kwa dakika. Volti zinapaswa kupanda haraka na bila kurukaruka, na usiziache zifike 20, kwa kuwa hapo dainamo haina kitu cha kuizuia. Mita isiposoma chochote, angalia kaboni kwanza, kama zimekwisha au zimekwama katika nyumba zake. Ikisoma nusu volti hadi moja, lawama ni ya koili za sumaku. Ikisoma nne au tano, ni ya sehemu inayozunguka. Dainamo ikifaulu kipimo hiki, haina haja ya kushushwa: tatizo liko kwenye nyaya au kwenye katauti, ambako mara nyingi vidomo vya kugusana vimeungua na kushika weusi.

Dainamo iliyokaa miaka bila kuzunguka inaweza pia kuwa imepoteza ile sumaku kidogo inayobaki katika chuma chake, na bila hiyo haiwezi kuanza kuzalisha. Katika aina hii ya Lucas, nguzo ya F, ikiwa imetolewa waya wake, huguswa kwa sekunde moja au chini yake na waya unaotoka upande wa betri usio wa ethi, cheche ndogo inaonekana, na kazi imekwisha. Dainamo nyingi za Marekani zina utaratibu tofauti, hivyo kitabu cha gari husika kisomwe kwanza. Tena asome pia ethi ya gari lake iko upande gani, maana magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa ethi kwenye chanya. Dainamo iliyofungiwa betri kinyume inaweza kusahihishwa kwa njia hiyohiyo ya kugusisha waya. Alteneta iliyofungiwa betri kinyume hupoteza daiodi zake mara moja.

Iwapo vipimo vyote vya chaji ni vizuri na bado betri inakutwa imekufa asubuhi, umeme unaibwa usiku. Gari la zamani lisilo na saa wala redio ya kisasa halipaswi kutumia chochote likiwa limezimwa. Toa waya mmoja wa betri injini ikiwa imezimwa, naam, imezimwa, kisha uweke balbu ndogo kati ya waya huo na kichwa cha betri: ikiwaka, kuna mahali panapovuja. Toa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka izimike. Isipozimika kwa fyuzi yoyote, toa waya mnene wa alteneta, kwa sababu daiodi iliyotoboka huachia umeme urudi ndani yake usiku kucha. Katika gari la dainamo mshukiwa ni vidomo vya katauti, vinavyopaswa kuitenga dainamo na betri injini ikizimwa, vilivyogandana, na hao si wezi wa kimyakimya, kwani dainamo hupata moto na nyaya zinaweza kuungua. Ukiona hivyo, ng'oa betri kwanza na uchunguzi ufuate baadaye.

Ukurasa wenu ulipendekeza pia kwamba mwenye dainamo abadilishe tu afunge alteneta ili aondokane na matatizo. Siupingi uamuzi huo kwa anayeendesha usiku au anayetaka taa zenye nguvu, kwa sababu dainamo ya Lucas C40, iliyokuwa ya kawaida sana katika miaka ya 1960, hutoa ampea 22 tu, na taa mbili za wati 100 peke yake zinazikaribia. Ninachopinga ni kuifunga ili kukwepa kutafuta ugonjwa. Ethi mbovu haitibiwi na alteneta mpya, na nyaya zilizopimwa kwa ampea 22 zikilazimishwa kubeba 40 zitapata moto, ikiwemo ile inayopita kwenye kipimo cha ampea katika dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Anayebadilisha abadilishe na waya mkuu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wa magari uchapishe masahihisho, mahali palepale na kwa herufi za ukubwa uleule, yakisema kwamba waya wa betri usitolewe wakati injini inaunguruma, iwe gari lina dainamo au alteneta. Wapo wasomaji waliokata ule ushauri na kuuhifadhi ndani ya kisanduku cha vifaa, nami ni mmoja wa wanaohifadhi vipande vya namna hiyo.

Wako mtiifu,
Msomaji na mpenzi wa magari ya zamani